Baba aliingia makao ya wazee hana kidonda, akatoka na kidonda kilichofika mfupani: nani anabeba dhima?

Swali: Wakili, baba yetu alikuwa na miaka 81. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, tukampeleka kwenye makao ya wazee ya kulipia. Aliingia ngozi yake nzima. Mwezi wa tano alikimbizwa hospitali na homa kali, na daktari akatuonyesha kidonda chini ya kiuno, juu ya mfupa wa mkia, kirefu hadi mfupa unaonekana. Akafariki siku chache baadaye. Cheti kimeandikwa maambukizi ya damu. Makao wanasema ni uzee na kisukari, kwamba wahudumu wa usiku si wao ni wa wakala, na kwamba siku ya kumpokea nilisaini fomu ya kutowadai lolote. Sasa wako tayari kulipa bili ya hospitali nikisaini karatasi nyingine. Je, kuna kesi? Nimshitaki nani? Tena mimi nilikuwa nakwenda kumwona mara moja kwa mwezi tu. Hilo halitanigeukia mahakamani?

Jibu: Pole sana dada, Mungu ampumzishe mzee. Kwa ulivyoeleza, kesi ipo. Ila kabla ya kuingia kwenye sheria yenyewe, kuna barua ya kuandika wiki hii, kwa sababu kila siku inayopita inawasaidia wao.

Andika kwa makao, kwa tarehe, ukiomba nakala ya kumbukumbu zote za mzee: tathmini ya siku aliyopokelewa, mpango wake wa matunzo, karatasi za kumgeuza kitandani, rekodi za uzito, za chakula na maji, za dawa, picha na vipimo vya kidonda kama vipo, na ripoti za kila zamu. Omba pia ratiba ya wahudumu wa usiku kwa miezi yote aliyokaa pale, na uwaandikie wazi kwamba wasiharibu wala kubadilisha chochote. Hospitali nako omba faili, hasa maelezo ya kidonda saa alipopokelewa. Barua iwe na adabu. Familia nyingi huanza na ugomvi pale mapokezi, na kesho yake faili "linatafutwa".

Nasisitiza makaratasi kwa sababu mashauri ya namna hii huamuliwa humo. Mzee hawezi tena kusema, nyinyi hamkuwepo usiku, na wahudumu watasimama upande wa mwajiri wao au watakuwa wameshahama. Kinachobaki ni karatasi.

Chukua ile karatasi ya kumgeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe hugeuzwa na mtu mwingine kwa ratiba. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa kila baada ya saa 2 akiwa kitandani. Siku hizi ratiba hupangwa kulingana na hali ya mtu na godoro analolalia, lakini ratiba lazima iwepo. Karatasi ina safu ya saa, safu ya upande aliolazwa na safu ya sahihi. Ukiipata, usikimbilie nafasi zilizoachwa wazi. Tazama zilizojazwa. Sahihi za usiku mzima zilizoandikwa kwa kalamu moja, kwa mkono mmoja usiochoka, saa 2, saa 4, saa 6 kamili bila hata dakika kuyumba, mara nyingi zimejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Nimewahi kuona karatasi inayoonyesha mgonjwa amegeuziwa ubavu wa kushoto saa ambayo gari la wagonjwa lilikuwa limeshamchukua. Wakili wa upande wa pili alipoiona, mazungumzo yalibadilika sura. Kwa hiyo saa aliyoondoka mzee na saa aliyopokelewa hospitali zishike vizuri.

Sasa sheria. Nchi hazifanani, na wakili wa mahali ulipo ndiye atakayekupa vifungu. Ninachoeleza ni misingi inayotumika katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, ambako mahakama husomeana mashauri yale yale. Mdai wa uzembe anathibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalizi, kwamba aliuvunja, kwamba kuuvunja huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yapo. La kwanza na la nne kwako halina mjadala. Walimpokea, wakalipwa, akafa. Vita iko kwenye mawili ya katikati.

Kuvunja wajibu hakuthibitishwi na kidonda peke yake. Hili huwaudhi wateja wangu, lakini ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa hakimu. Sheria haimwambii mtoa huduma ahakikishe mgonjwa hadhuriki. Inamtaka afanye ambacho mtu makini wa taaluma ile angefanya. Kipimo hiki kinatajwa kwa jina la Bolam, mgonjwa wa akili aliyevunjika mifupa ya nyonga wakati wa tiba ya umeme katika hospitali ya Uingereza. Shauri lake liliamuliwa mwaka 1957. Alishindwa, kwa sababu madaktari wa siku hizo walikuwa wamegawanyika kuhusu kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, na mahakama ikasema aliyefuata njia inayokubaliwa na kundi la wataalamu wanaoaminika si mzembe. Kwa miaka mingi Bolam ilikuwa ngao ya hospitali. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, majaji wa Bunge la Mabwana, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walipunguza unene wa ngao hiyo: maoni ya wataalamu yakikosa mantiki, mahakama inaweza kuyakataa.

Kwako Bolam haiwasaidii sana. Kuhusu aina ya godoro, dawa ya kupaka au bandeji, wataalamu wanaweza kubishana hadi jioni. Lakini hakuna kundi la wauguzi wanaoaminika linalosema aliyepooza aachwe alale upande mmoja usiku kucha, au kwamba ngozi yake isikaguliwe. Kidonda cha kulalia huanza kama wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ngozi bado nzima. Hatua ya nne ndiyo ya baba yako, nyama imekwisha na mfupa uko nje. Kati ya hizo mbili kuna hatua ambazo mtu anayemwogesha mgonjwa anapaswa kuziona. Uliza: nani aliona wekundu, lini, alimwambia nani, daktari aliitwa siku gani? Kama neno la kwanza kuandikwa kuhusu kidonda ni la siku ya homa, hiyo ni kesi.

Uliza pia kama siku ya kumpokea walimpima hatari ya kupata kidonda. Vipo vipimo vya kawaida kabisa. Kinachotumika sana ni cha Braden, ambacho alama zake huanzia 6 hadi 23, na kadiri alama zinavyopungua hatari inaongezeka. Mtu aliyepooza, anayekojoa kitandani, asiyekula vizuri, hawezi kutoka na alama za kujivunia. Kama hawakumpima, hilo ni kosa. Kama walimpima, wakaona hatari, wakaiweka karatasi kwenye faili na maisha yakaendelea kama jana, hilo kwa maoni yangu ni baya zaidi, maana hawawezi tena kusema hawakujua.

Hapo ndipo hoja ya uzee na kisukari inapowageukia. Wanaileta kama udhuru, kumbe ni ushahidi wa walichokijua. Mwaka 1951 liliripotiwa shauri la fundi wa magari huko Uingereza aitwaye Paris, aliyekuwa na jicho moja zima. Mwajiri wake, halmashauri ya Stepney, alijua hivyo lakini hakumpa miwani ya kinga, kwa sababu kazi ile mafundi wengine waliifanya bila miwani. Kipande cha chuma kikaruka, kikaingia kwenye lile jicho zima. Uamuzi ulikuwa kwamba anayejua udhaifu wa mtu anadaiwa uangalifu mkubwa zaidi kwa mtu huyo. Kisukari cha mzee walikijua tangu fomu ya kwanza. Kiliwataka wakague ngozi yake mara nyingi zaidi.

Marekani wameliandika jambo hili kwenye kanuni zenyewe. Baada ya sheria ya mwaka 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee, nyumba zinazopokea fedha za mipango ya serikali ya bima ya afya zinatakiwa kuhakikisha kwamba aliyeingia bila kidonda cha kulalia hapati kidonda, isipokuwa hali yake ya kitabibu ionyeshe kilikuwa hakiepukiki. Ni kanuni ya ukaguzi, haigeuki moja kwa moja kuwa fidia, lakini mawakili wa huko huanzia hapo. Kama mamlaka inayosajili makao hayo ina kanuni zake, zitafute. Kuvunja kanuni ni ushahidi mzuri wa uzembe. Ripoti za ukaguzi za miaka iliyopita nazo ni dhahabu, hasa zikiwa zimeshalalamikia uchache wa wahudumu.

Kipengele cha tatu, kisababishi, ndicho kinachozamisha kesi nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Katika shauri moja la Uingereza, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali moja ya London. Daktari wa zamu hakuwatazama. Alituma ujumbe kwa simu kwamba waende nyumbani wakawaite madaktari wao. Mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Uzembe ulithibitishwa, na bado mjane alishindwa, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata angetazamwa papo hapo asingepona. Shauri hilo, la Barnett, utalisikia. Watasema: mzee angekufa tu.

Kuna pia silaha nyingine ambayo mtaalamu wao anaweza kuja nayo. Mwaka 1989 muuguzi wa Marekani, Karen Lou Kennedy, alieleza aina ya kidonda kinachojitokeza ghafla kwa watu walio karibu kufa, mara nyingi mahali hapo hapo juu ya mfupa wa mkia, wakati ngozi nayo inashindwa kazi kama figo au moyo. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumpata hata aliyetunzwa vizuri. Vilevile kuna majeraha yanayoanzia ndani, kwenye nyama iliyobanwa, ambayo hupasuka kwa siku chache. Haya ni ya kweli, si visingizio vya kubuni, na shahidi mtaalamu wako lazima awe na majibu. Majibu yapo kwenye maelezo ya hospitali: je, kidonda kilikuwa na nyama iliyooza, harufu, usaha, mifereji iliyochimba chini ya ngozi? Kingo zake zilikuwa zimekomaa? Hayo hayatengenezwi usiku mmoja. Tazama na uzito wake: anayepoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, wataalamu wa lishe huhesabu hilo kuwa tatizo kubwa, na mwili usio na lishe haupambani na kidonda. Halafu waulize hospitali kama waliotesha vijidudu vya kwenye kidonda na vya kwenye damu. Vikiwa vya aina moja, mnyororo kutoka godoroni hadi cheti cha kifo umeshikana. Vikitofautiana, mfano damu ikawa na vijidudu vya njia ya mkojo, kesi ya kifo inalegea, ingawa ya maumivu ya kidonda bado inasimama.

Kumbuka hutakiwi kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye jinai. Kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa kuwa ndivyo kuliko sivyo.

Nimshitaki nani, umeuliza. Shitaki makao. Sikushauri uanze kumsaka muuguzi wa usiku. Kwanza hana cha kukulipa. Pili, mara nyingi naye ni mtu aliyeachiwa wagonjwa wasiogeuzika wote hata angekuwa na mikono minne, na siku ukimwacha nje ya hati ya madai anaweza kuwa shahidi wako bora. Mwajiri hubeba dhima ya makosa ya mwajiriwa akiwa kazini, na huhitaji kumtaja aliyekosea. Mwaka 1951, katika shauri la Cassidy, mtu aliyeingia hospitali na vidole viwili vilivyokakamaa alitoka na vinne. Mahakama ilikataa kumtwisha kazi ya kueleza ni mkono wa nani ulioharibu. Hospitali ndiyo iliyotakiwa kujieleza. Zaidi ya hapo, kuna makosa ya makao yenyewe: wahudumu wachache, mafunzo hakuna, godoro halikununuliwa. Hayo si ya muuguzi yeyote.

Kuhusu wakala, waache waseme. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la Woodland, la mwanafunzi aliyepata madhara ya ubongo kwenye somo la kuogelea lililokuwa mikononi mwa mkandarasi. Ilisema yapo majukumu ambayo mtu anaweza kumpa mwingine ayatekeleze lakini dhima inabaki kwake, hasa pale aliye chini ya uangalizi wake ni dhaifu na anamtegemea. Katika mifano iliyotajwa kwenye hukumu hiyo wamo wakazi wa makao ya wazee. Hamkuingia mkataba na wakala. Mliingia na makao. Wakala anaweza kuunganishwa kama mdaiwa wa pili, na huko watagawana wenyewe.

Jambo moja la kiufundi: chunguza msajili wa kampuni. Ni kawaida jengo kuwa la kampuni moja, uendeshaji wa nyingine, na leseni ya kampuni ya tatu. Ukishitaki isiyo na mali, utapata hukumu ya kutundika ukutani. Ulizia pia bima yao ya dhima.

Fomu uliyosaini isikukoseshe usingizi. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki, mfanyabiashara hawezi kwa mkataba wala tangazo kujivua dhima ya kifo au jeraha linalotokana na uzembe wake. Nchi nyingine zina vifungu vyao, na hata zisizo navyo mahakama husoma fomu hizo kwa jicho kali. Ninachotaka ukitafute humo ni kitu kingine: kifungu cha usuluhishi, kinachosema migogoro yote iende kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani. Hicho kina meno zaidi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa msimamo wa mahakama ya West Virginia kwamba vifungu hivyo havitumiki kabisa kwenye vifo na majeraha ya nyumba za wazee. Na kanuni ya mwaka 2019 huko inakataza kumlazimisha mtu asaini kifungu hicho ndipo apokelewe. Tazama pia ulisaini kama nani. Kama hukuwa na hati ya kumwakilisha mzee, na yeye akili zake zilikuwa timamu, mamlaka yako ya kumfunga ni hoja.

Ziara za mara moja kwa mwezi ni huzuni yako, si utetezi wao. Mkataba haukusema mtoto ndiye atakayemgeuza baba. Huenda wakili wao akakuuliza kwa sauti ya kukuchoma. Jibu tu kwamba ulilipa watu wa kumtunza kwa sababu hukuweza kuwepo. Kama mara yoyote uliuliza hali yake ukaambiwa "yuko salama", na una ujumbe wa simu, uhifadhi.

Sasa niseme la fedha bila kuremba. Madai ya kifo huwa na sehemu mbili: yale yaliyokuwa ya marehemu mwenyewe, yaani maumivu aliyoyapata na gharama, ambayo hudaiwa na msimamizi wa mirathi, na yale ya waliomtegemea. Mzee wa miaka 81 asiye na mshahara hana kipato kilichopotea cha kupigiwa hesabu, kwa hiyo fidia huwa ndogo kuliko watu wanavyotarajia, na ada ya shahidi mtaalamu inaweza kula sehemu nzuri. Pima hilo na ndugu zako mapema. Na usimamizi wa mirathi uanze sasa, maana bila hati hiyo sehemu ya kwanza haina mdai.

Muda nao una kikomo. Uingereza ni miaka 3 kwa majeraha na vifo vya uzembe, kwa kawaida tangu tukio au tangu mlipojua. Kwingine ni mfupi zaidi. Makao yakiwa ya serikali, mara nyingi kuna notisi ya kutoa kwanza, na hiyo inaweza kuwa ya miezi, si miaka. Malalamiko kwa mamlaka ya leseni au baraza la wauguzi yanaweza kwenda sambamba, hayana ada kubwa, na uchunguzi wao wakati mwingine hutoa nyaraka ambazo wewe ungezipigania mwaka mzima. Polisi wafikiriwe pale kuna dalili za kutelekeza kwa makusudi au kughushi kumbukumbu. Uingereza tangu 2015 mhudumu anayemtelekeza mgonjwa kwa makusudi anashitakiwa kwa kosa la jinai.

Imebaki ile karatasi ya bili. Usiisaini. Naamini ndani yake kuna sentensi ya kukubali malipo hayo kama malipo kamili na ya mwisho ya madai yote, na pengine sharti la kunyamaza. Bili ya hospitali ni kipande tu cha unachoweza kudai, na kipande kidogo. Waandikie kwamba umepokea pendekezo lao, unalitafakari, na utajibu ukishapata nyaraka ulizoomba tarehe fulani. Wakitaka kulipa hospitali bila sharti lolote, waambie walipe, na wathibitishe kwa maandishi kwamba malipo hayo hayafuti haki yako. Wakikataa kuandika hivyo, mchukulie wakili wako barua hiyo ya kukataa pamoja na faili la hospitali, na aanze nazo.